Maktaba ikifungua milango kwa wote, anayetaka utulivu aende wapi?

Maktaba nyingi humpokea mgeni kwa makatazo. Usile. Usiongee. Usiingie na begi. Ukichelewesha kitabu utatozwa faini. Ukutani hakuna hata tangazo moja linalomwambia mgeni humo ndani atapata nini, wala aanzie wapi. Anamkuta mkutubi ameinamia kompyuta, hajui kama anaruhusiwa kujichukulia kitabu kwenye rafu au ni lazima aombe. Anazungukazunguka kidogo, kisha anaondoka. Maktaba huandika vitabu vilivyoazimwa, lakini mtu kama huyo haandikwi popote.

Ndiyo maana nawaunga mkono wanaotaka maktaba zibadilike na kumkaribisha kila mtu, tena bila kusita. Zamani vitabu vilikaa nyuma ya kaunta, msomaji akaomba na kusubiri aletewe. Mwaka 1894 maktaba ya Clerkenwell, London, chini ya mkutubi James Duff Brown, iliwaruhusu wasomaji wajichagulie wenyewe kwenye rafu. Wapo waliopinga vikali, wakisema vitabu vitaibwa na kuvurugwa. Leo utaratibu huo ndio wa kawaida. Tamko la IFLA, shirikisho la kimataifa la vyama vya maktaba, na UNESCO la mwaka 1994 nalo linasema maktaba za umma ziwahudumie watu wote kwa usawa, bila kujali umri, dini, lugha wala hali ya maisha.

Suala la faini linaonyesha vizuri jinsi pande zote mbili zilivyo na hoja. Oktoba 2019, maktaba za jiji la Chicago ziliacha kutoza faini za ucheleweshaji, na New York ikafuata mwaka 2021. Sababu ilikuwa wazi: mwenye fedha hulipa na kuendelea kuazima, asiye nazo hufungiwa kadi, naye ndiye anayeihitaji maktaba kuliko yeyote. Mtoto anaweza kukosa vitabu kwa deni ambalo hana uwezo wa kulilipa. Upande wa pili una swali la haki: kama maktaba ina nakala moja tu ya kitabu na watu kadhaa wanakisubiri, nani atamhimiza aliyekikalia? Chicago haikuacha kila kitu holela. Anayepoteza kitabu bado anawajibika kukirudisha au kukilipia. Kwa maoni yangu huo ni mpaka mzuri, na maktaba ndogo inaweza kuongeza sharti moja: aliyechelewesha asiazime kingine hadi arudishe. Sharti hilo linamgusa tajiri na maskini sawasawa.

Penye ugumu hasa ni kwenye ukimya. Tunaambiwa maktaba ya kisasa iwe mahali pa watu kukutana, watoto kuimba, vijana kujifunza ufundi. Nakubali. Lakini mfikirie mwanafunzi anayeishi nyumba yenye watu wengi, redio inawaka, wadogo zake wanalia, meza ni moja na imejaa vyombo. Kwake kiti kile cha pembeni, penye utulivu, ndicho huduma kubwa kuliko zote. Ukikijaza gumzo kwa jina la ukarimu, umemkaribisha mmoja na kumtoa mwingine, na huyu wa pili hana pa kwenda. Wanaotetea ukimya husemwa kuwa wamepitwa na wakati. Wengi wao hawastahili lawama hiyo.

Maktaba ya Oodi ya Helsinki, Finland, iliyofunguliwa Desemba 2018, ilijengwa kwa orofa tatu: chini pilikapilika na mkahawa, katikati karakana na studio, juu vitabu na nafasi ya kusoma. Mpango kama huo unahitaji jengo kubwa na fedha nyingi. Maktaba yenye chumba kimoja haiwezi kugawa sakafu, ila inaweza kugawa saa: kipindi fulani cha hadithi na michezo ya watoto, kipindi kingine cha kimya kabisa, na ratiba ibandikwe mlangoni kwa herufi kubwa. Hilo linasaidia kuliko rangi za kuta na mito ya kukalia, vitu vinavyopendeza lakini ambavyo huwa vinapewa bajeti kwanza.

Shuleni tatizo mara nyingi ni ufunguo. Maktaba ipo, vitabu vipo, vingine havijafunuliwa hata mara moja, na mlango umefungwa kwa sababu anayeshika ufunguo ni mwalimu mwenye vipindi siku nzima. Ni rahisi kumlaumu, lakini hofu yake ina msingi. Kitabu kikipotea, yeye ndiye atakayeulizwa, pengine na kulipishwa. Ukimbebesha mtu mzigo wa kila kitabu kinachopotea, atafunga mlango. Hata mimi ningefunga. Kwa hiyo kumhimiza awachangamkie wanafunzi hakutoshi. Uongozi wa shule ukubali kwa maandishi kwamba kila mwaka vitabu kadhaa vitachakaa na vichache vitapotea, utenge fedha za kuvifidia, na umpunguzie mwalimu huyo vipindi ili apate muda wa kufungua. Wanafunzi wa madarasa ya juu wafundishwe kuazimisha na kupanga rafu. Shule isiyokuwa tayari kupoteza hata kitabu kimoja isitarajie wanafunzi wake wavisome hivyo vilivyobaki.