Alama 3 kwenye Swali la Pili

Mtu akikosa kazi ya serikali huku Uingereza baada ya kufika kwenye usaili, hupata ujumbe wenye alama zake. Kila sifa iliyopimwa imeandikiwa tarakimu kati ya 1 na 7, na kwa kawaida 4 ndiyo ya kuvukia. Kushirikiana na wenzako, 5. Kufanya maamuzi, 3. Kazi umeikosa, lakini unajua umeangukia wapi, na safari ijayo unajiandaa pale pale palipokuangusha. Katika yote ninayoyaona huku, treni, maji, umeme usiokatika, hakuna linalonitia wivu kama hiyo 3. Nyumbani Tanzania kuna vijana ambao bado wanasubiri majibu ya usaili wa mwaka juzi.

Najua nitaambiwa nimeanza. Eti nimeonja baridi, sasa kila cha kwetu kibovu. Naomba nisikilizwe kwanza, kwa sababu hiyo 3 haikuletwa na hali ya hewa ya Ulaya. Ina fani yake, fani hiyo inasomewa, na sisi tunaihitaji kuliko wao.

Ni saikolojia ya biashara, ambayo wengine huiita saikolojia ya kazi. Ukitaja saikolojia nyumbani, watu wanaelewa ushauri nasaha, au wanakuuliza kama unaweza kujua wanachowaza. Hakuna chuo kinachofundisha hilo. Kinachofundishwa ni kupima, na kabla ya kupima unafundishwa kukitilia shaka kipimo chenyewe. Wenzetu hawakuanza jana: Hugo Münsterberg aliwapima madereva wa tramu Marekani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na London ilipata taasisi yake ya saikolojia ya viwandani mwaka 1921, chini ya Charles Myers.

Shahada ya uzamili huku ni mwaka mmoja, krediti 180, na kwa kawaida 60 kati ya hizo ni tasnifu. Kozi zinazotambuliwa na BPS, chama cha wanasaikolojia cha Uingereza, zinagusa maeneo matano: kupima watu kazini, mafunzo, uongozi na motisha, ustawi wa wafanyakazi, na namna kazi inavyopangwa na kubadilishwa. Matangazo ya vyuo hupamba uongozi na motisha. Kinachowatoa wanafunzi jasho ni takwimu: regresheni, uchambuzi wa vipengele, na alfa ya Cronbach inayoonyesha kama maswali ya kipimo kimoja yanakubaliana. Aliyeikimbia hesabu tangu kidato cha pili akidhani huku ni maneno matupu, atakutana nayo wiki za mwanzo kabisa.

Mtego mkubwa uko kwenye majina. Jina la mwanasaikolojia wa kazi linalindwa na sheria, na tangu Julai 2009 msajili wake ni HCPC, baraza la Uingereza linalosajili taaluma za afya. Ukijiita hivyo bila usajili umevunja sheria. Jina la mwanasaikolojia wa biashara halilindwi, yeyote anaweza kulibandika kwenye kadi yake. Kwa hiyo kabla hujalipa hata shilingi, uliza mambo mawili. Je, shahada yako ya kwanza inakubaliwa na BPS kama msingi? Kama ulisoma sosholojia au utawala wa biashara, utaanza na kozi ya kubadilisha fani, mwaka mzima kama unasoma kutwa. Na je, hiyo shahada ya uzamili unayoitaka imeidhinishwa? Wapo wanaogundua baada ya kuhitimu kwamba haikuidhinishwa, na mlango wa usajili umefungwa.

Hata aliyepita vizuri, hatua inayofuata ni mafunzo ya kazini chini ya msimamizi, yasiyopungua miaka miwili. Sasa pigeni hesabu: viza ya wahitimu, ile ya kubaki na kufanya kazi baada ya masomo, ni miaka miwili, na kwa watakaoomba kuanzia 1 Januari 2027 inashuka hadi miezi 18. Mawakala wanaowatafutia vijana vyuo hawaweki muda wa mafunzo na muda wa viza kwenye ukurasa mmoja. Kama lengo lako ni kazi ya rasilimali watu au ushauri wa makampuni, usajili huo huuhitaji na kozi isiyoidhinishwa haitakudhuru. Ila ujue tangu mwanzo unanunua nini.

Turudi kwenye usaili, maana ndipo moyo wangu ulipo. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake walipitia upya tafiti nyingi zilizolinganisha alama za watu walipoajiriwa na utendaji wao baadaye. Walitumia kipimo ambacho 0 ni sawa na kupiga ramli na 1 ni kujua bila kukosea. Usaili wenye maswali yaliyopangwa na alama zilizoandikwa ulipata 0.42, ukaongoza. Usaili wa maongezi, ule wa "hebu tuambie kuhusu wewe", ulipata 0.19. Miaka ya uzoefu ilipata 0.07. Rudieni hiyo ya mwisho, halafu fungueni tangazo lolote la kazi nyumbani msome mstari wa uzoefu usiopungua miaka mitano.

Mbona basi mabosi wanaamini macho yao? Si kwamba hawana akili. Ni kwamba bosi hajawahi kumwona akifanya kazi yule aliyemkataa. Anawaona aliowachagua tu, na wengi wao wanafanya vizuri kiasi, basi anajihesabia jicho kali. Wangapi wazuri walirudi kwa daladala na bahasha zao, hakuna daftari linalosema. Wanafunzi wa fani hii hulijadili jambo hilo mapema, kwa sababu linaharibu hata takwimu: ukipima waliopita mchujo peke yao, kipimo kizuri kinaonekana dhaifu kuliko kilivyo.

Hapo ndipo huja pingamizi ninaloliheshimu zaidi. Wenzako wana ajira nyingi na waombaji wachache, mambo ya alama na fomu ni anasa yao, sisi tuna mafuriko ya watu. Ndugu yangu, hesabu inasema kinyume. H. C. Taylor na J. T. Russell walichapisha majedwali yake mwaka 1939. Chukua kazi ambayo nusu ya waombaji wote wangeiweza, na kipimo chenye nguvu ya 0.40, karibu sawa na ule usaili uliopangwa. Ukiajiri tisa katika kila kumi, watakaoiweza ni 53 kwa mia, yaani kipimo kimekusaidia kidogo sana. Ukiajiri mmoja katika kila kumi, wanaoiweza wanapanda hadi 78. Kwa usaili wa maongezi, mmoja katika kumi hao hao, unapata 63 hivi. Kadiri waombaji wanavyofurika, ndivyo kipimo kizuri kinavyolipa. Juni 2014 Uwanja wa Taifa ulikuwa na watu zaidi ya elfu kumi kwa nafasi 70 za Uhamiaji. Hakuna mji wa Uingereza unaohitaji fani hii kama tulivyoihitaji sisi siku ile.

Na nisiwe mchoyo wa sifa. Sekretarieti ya Ajira ina usaili wa mchujo wa kuandika, wa vitendo kwa baadhi ya kada, kisha mahojiano. Mpangilio huo uko karibu na sayansi kuliko ofisi nyingi binafsi za London, ambako mkurugenzi humwajiri kijana kwa sababu wamesoma shule moja na wanashabikia timu moja. Hilo najivunia, na nawaambia watu wa huku.

Wala sisemi Uingereza ni peponi. Watafiti wa Nuffield College, Oxford, walichapisha mwaka 2019 matokeo ya jaribio la kutuma maombi ya kazi yanayofanana, tofauti ikiwa asili ya mwombaji. Wenye asili za kigeni walihitaji kutuma maombi 60 zaidi kwa kila 100 ya Mwingereza mweupe ili kupata mwito ule ule. Wenye asili ya Nigeria, 80 zaidi. Ugonjwa wao wanao. Tofauti ni kwamba wameupima, na tarakimu iko mezani.

Kisha kuna anayesema kimemo cha mjomba ni utu wetu, kusaidiana ndiyo Uafrika. Kusaidiana nakupenda. Lakini kimemo kinamsaidia mwenye mjomba mjini. Mtoto wa mkulima wa Kasulu aliyepata daraja la kwanza hana mjomba huyo, naye ni ndugu yetu.

Usaili wenye alama haudai pesa nyingi. Unakaa na wasimamizi sita au wanane wa kazi husika, mmoja mmoja, unawauliza: lini uliona mtu ameifanya kazi hii vizuri sana, na lini ameiharibu, alifanya nini hasa? Njia hiyo John Flanagan aliiandika mwaka 1954. Matukio yanayojirudia yanageuzwa kuwa maswali. Kwa karani wa benki, kwa mfano: mteja ametuma shilingi 300,000 kwenye akaunti siyo, analia mbele yako, na nyuma yake kuna foleni ya watu 15, unaanza na lipi? Anayempa namba ya huduma kwa wateja na kuita mwingine anapata 1. Anayechukua taarifa na kuripoti lakini anaisahau foleni, 3. Anayemtuliza, akachukua namba ya muamala, akaripoti papo hapo kabla fedha hazijatolewa, akamtajia siku ya jibu, na akamwomba mwenzake ashike foleni, 5. Majibu hayo ya mfano yaandikwe kabla mwombaji wa kwanza hajaingia. Maswali sita ya namna hiyo yanatosha nusu saa.

Mtihani wa kupima waombaji ulionunuliwa nje ni hatari zaidi. Jaribio la Kiingereza lililosawazishwa kwa wahitimu wa Uingereza, ukimpa karani wa Mwanza, unapima Kiingereza chake. Ukilitafsiri neno kwa neno, sentensi ya kupima uchangamfu inamtaka mtu akubali kwamba yeye ni "uhai wa sherehe", na anabaki anakutazama. Inabidi mtu atafsiri, mwingine airudishe kwa Kiingereza bila kuona ya kwanza, zilinganishwe, kisha lijaribiwe kwa mamia ya watu wetu ndipo alama ipate maana. Kazi hiyo kwa Kiswahili ni shamba pana lisilolimwa.

Na ajira zake? Huku wahitimu huanzia chini: wasaidizi wa kukagua data na kusahihisha mazoezi kwenye kampuni za vipimo kama SHL, iliyoanzishwa 1977, au maofisa rasilimali watu, au wachambuzi wa takwimu za wafanyakazi. Wengine huenda kwenye usalama wa reli na ndege, au kupima msongo kazini kwa viwango vya HSE, mamlaka ya afya na usalama kazini ya Uingereza, vyenye maeneo sita, au utafiti wa tabia za wateja. Nairobi kuna Busara, inayofanya utafiti wa tabia, na Kenya ilipitisha sheria ya washauri na wanasaikolojia mwaka 2014. Kwetu Tanzania ni nadra kukuta tangazo lenye jina la fani hii. Utaingia kama afisa rasilimali watu benki au kampuni ya simu, na fani utaifanya humo ndani.

Ukishaingia, anza na jopo. Kwetu mwenyekiti akisema "huyu kijana namwona yuko vizuri", wadogo wote wanaona vivyo hivyo, kwa heshima, na alama tatu zinakuwa moja. Kwa hiyo mpe kila mjumbe karatasi yake: jina la mwombaji, namba ya swali, maneno aliyojibu, alama, sahihi. Zijazwe kimya kimya na zikusanywe kabla mwenyekiti hajazungumza.