Peremende ya Uturuki

Mdogo wangu alikwenda Istanbul kusoma kwa ufadhili, akapata digrii, akapata na mume. Alipokaribia kujifungua, ukoo ulifanya kikao mimi nikiwa kazini, na nilipotoka nikaambiwa kwamba mama miguu haimruhusu safari ndefu, kwa hiyo mimi ndiye naenda kumlea mzazi. Nauli ilichangwa kwenye kundi la WhatsApp. Waliotuma mikono ya kuomba walikuwa wengi kuliko waliotuma hela, lakini ikatimia.

Binti yangu wa mwisho, tunayemwita Kadogo, alikuwa hajaanza darasa la kwanza. Baba yake alisema wazi mbele ya watu kwamba kukaa naye peke yake hawezi. Nikaondoka naye.

Begi langu lilijaa unga wa uwele, karanga, na mlenda wa majani ya ilende uliokaushwa ukasagwa mpaka ukawa vumbi la kijani. Sasa vumbi la kijani kwenye mfuko usio na maandishi, ukilishusha uwanja wa ndege wa watu, lazima ulielezee. Ofisa alifungua, akanusa, akaniangalia, akanusa tena. Lugha hatuna. Nikamwonyesha kwa mikono kwamba ni mboga, unachovya tonge halafu inavutika hiviii. Nadhani kile kitendo cha kuvutika ndicho kilichomfanya amwite mwenzake. Wakanusa wote wawili. Kadogo naye akaona ni zamu yake, akasogeza pua. Wakacheka, wakatuachia.

Nyumbani kwa mdogo wangu nilimkuta mama mkwe wake, mama mtu mzima, mnene, mwenye sauti, naye amekuja kulea. Jiko moja, walezi wawili, na neno la kuelewana hakuna. Mimi nakoroga uji wa uwele, yeye anachemsha sharubati nyekundu ambayo kwao hupewa mwanamke aliyejifungua, wanaiita lohusa şerbeti: sukari nyekundu iliyogandishwa, mdalasini na karafuu. Kila mmoja anaamini chake ndicho kinacholeta maziwa. Mdogo wangu alikuwa anakunywa vyote viwili na kulala akiwa amejaa mpaka kooni. Tulielewana jambo moja tu, arobaini. Na kwao vilevile mzazi na mtoto hutunzwa siku 40, na mama yule alinionyesha hesabu hiyo kwa vidole huku akimfunika bintiye mkwe miguu kwa blanketi la tatu. Joto la humo ndani lilikuwa la kukausha zabibu.

Ile sukari nyekundu ilipokwisha ndipo tukapelekwa sokoni.

Soko lenyewe liko Eminönü, karibu na zinapotia nanga feri, na wenyewe wanaliita Mısır Çarşısı, Soko la Misri. Ni jengo la karne ya 17, lilijengwa pamoja na msikiti mkubwa wa jirani, na kodi ya maduka ilikuwa ya kuutunza msikiti huo. Nikaukumbuka ushuru wa masoko yetu, nikaamua kutazama viungo. Na viungo vilikuwepo! Bizari ya kila rangi imerundikwa mpaka inachongoka juu, maua makavu ya chai, zafarani kwenye vikopo vidogo vinavyouzwa kwa bei ya kukupa kizunguzungu, karafuu ambazo kwa harufu tu unahisi uko soko la Darajani, Zanzibar. Wauzaji wanakuita abla, yaani dada mkubwa, wanakupa chai kwenye bilauri isiyo na mkono, unaungua vidole na huwezi kuiachia kwa sababu umekaribishwa.

Kilichonisimamisha ni bamia. Vibamia vidogo havifiki kidole cha mtoto, vimekaushwa, vimetungwa kwenye uzi, vinaning'inia dukani. Mimi niliyekulia kwenye nyumba inayoanika mboga juani kila mwaka, nikajikuta nazishika na kuzigeuza. Nilikuwa nimeshamwona mama mkwe wa mdogo wangu akipika bamia, akizikamulia limau ili utelezi ukate. Utelezi! Kitu ambacho Mgogo anakitafuta kwa magadi, wenzetu wanakifukuza kwa limau. Sikumsemesha siku ile.

Nikiwa kwenye mawazo hayo nikasikia mtu anapiga kelele na kukimbia. Kugeuka, Kadogo yuko mbali anatembea kwa madaha, shingoni amevaa shanga za bamia mzunguko mara tatu, na mwenye duka anamfuata. Nilifungua pochi kabla hata hajamfikia. Lakini yule bwana alikuwa anacheka mpaka anashika tumbo. Akampiga picha, akapokea hela yangu, kisha akachukua mkasi akamkatia kipande cha lokumu.

Hapo ndipo matatizo yangu ya Dodoma yalipozaliwa.

Lokumu ni peremende yao ya wanga na sukari, laini, inakatwa vipande vya mraba na kunyunyiziwa unga mweupe ili visigandamane. Ile aliyopewa ilikuwa ya waridi, ndani ina pistashio, zile njugu za kijani. Kadogo alitafuna akafumba macho. Kuanzia hapo alitambua kwamba soko zima lile wanaonjesha bure, akaanza kupita duka hadi duka. Maduka yalipokwisha alivua kofia yake ya sufu, akaigeuza ndani nje, nyekundu ikawa ya bluu, akarudi duka la kwanza kama mteja mpya. Muuzaji akamkatia kipande kingine kwa heshima ileile, huku ananiangalia mimi. Nikanunua boksi. Ungefanyaje?

Tukarudi nyumbani salama. Boksi likawekwa juu ya kabati la vyombo, amri ikatoka kwamba ni la wageni. Ila mwanangu mkubwa alikuwa amerudi likizo kutoka bweni, yuko kidato cha pili, na mtoto wa bweni akiwa nyumbani hana kitu anachokiita cha wageni. Vipande vikaanza kupungua. Kadogo akalia, akasema kwa baba yake, baba akasema "nitaongea naye", na mtoto akajua kesi imeishia hapo.

Ninayoyasimulia sasa niliyajua baadaye, lakini bora uyajue mapema. Jikoni kwangu kuna kopo la magadi. Kila nyumba ya Dodoma inalo, hata ya mwanamke anayepika wali siku sita kwa wiki. Na bibi yao wa Mvumi huwaambia wajukuu kila anapokuja kwamba magadi hayachezewi, yanaunguza ulimi. Kadogo akapiga hesabu. Akapanda kiti, akahamisha lokumu zote kwenye kopo la magadi, mahali ambapo kaka yake hatafunua kamwe. Mabonge ya magadi, yale meupe yenye uwekundu kwa mbali, akayapanga kwenye boksi la Uturuki, safu kwa safu, akayanyunyizia unga wa ngano. Kisha akakaa kumsubiri kaka yake.

Kaka yake, kwa bahati yake, wiki hiyo aliugua jino.

Jumamosi bibi akaingia kutoka Mvumi na gunia la uwele na kuku aliyefungwa miguu. Jioni yake mzee mmoja wa kanisa letu akaja kunipa pole na safari. Umeme nao ukakatika. Bibi akasema leo mgeni hali wali, leo anakula ugali wa uwele na mlenda, na mimi nikae sebuleni nisimulie Uturuki. Mkwe akikwambia kaa, unakaa. Nikamwachia tochi ya simu jikoni, kopo la magadi akalijua mwenyewe lilipo.

Sebuleni mume wangu alishalishusha boksi. Bwana huyu hajawahi kufika Istanbul, lakini ungemsikia alivyoieleza! Peremende ya masultani, akasema. Mzee akavua kofia. Akaomba tusali. Akaishukuru safari, akamshukuru rubani, akawaombea Waturuki, akaombea tunda hili la mikono ya watu wa mbali likawe baraka mwilini. Amina. Halafu akachagua bonge kubwa kuliko yote na kuliuma.

Tulisikia kruuu.

Mshumaa ulikuwa upande wake, kwa hiyo niliona vizuri. Kwanza nyusi zilipanda. Kisha taya likasimama, likawa linafikiri. Jicho la kushoto likaanza kutoa chozi, la kulia likafuata. Mtu mwingine angetema, lakini yule ni mzee wa Kigogo, amekirimiwa kwenye nyumba ya watu, na ametoka kukiombea kitu chenyewe. Alimeza. Nilikiona kikishuka kooni kituo kwa kituo.

"Vipi mzee?" mume wangu akauliza, anangojea sifa.

"Ina nguvu," mzee akasema kwa sauti isiyokuwa yake, na kuomba maji. Akanywa bilauri nzima, akatulia, kisha ikatoka mbweu ndefu ambayo hata yeye aliisikiliza mpaka mwisho. Akasema samahani. Ikaja ya pili.

Huko jikoni nako bibi alikuwa ananung'unika. Nilimsikia akisema magadi ya mjini yamekuwa laini siku hizi, yanabonyea, mjini kila kitu mmekilainisha. Akaongeza mengine. Baadaye akauliza kwa sauti nani anafua usiku, mbona inanuka sabuni ya waridi. Nikajibu hakuna anayefua, mama. Akasema basi ni majirani.

Chakula kikaja. Mlenda ule sijapata kuuona maishani, na nimekula mlenda tangu sijaota meno. Wanga wa lokumu ulikutana na utelezi wa ilende, wakapatana. Unachovya tonge, unainua mkono, mlenda nao unasimama. Mwanangu mkubwa alisimama kutoka kwenye kiti na uzi bado haujakatika. Na ulikuwa mtamu! Mtamu wa sukari, na una harufu ya manukato, na katikati kuna vitu vya kijani vinaelea. Mume wangu aliweka tonge mdomoni akalibakiza shavuni. Kumwambia mama yako mbele ya mgeni kwamba mboga imeharibika, hilo kwa Wagogo halipo. Akaliangalia dari, akameza, akachukua jingine dogo zaidi.

Mzee wa kanisa, ambaye ulimi wake ulishakufa ganzi, alikula sahani mbili. Alisema siku nyingi hajala mlenda uliopikwa kwa utulivu.

Nikakimbilia jikoni. Bibi alikuwa ameshaonja, amesimama na mwiko, amekasirika kimyakimya. Nikalifungua kopo, nikapigwa na harufu ya Eminönü. Kabla sijauliza kitu, Kadogo akatokea mlangoni, akaliona kopo liko tupu, akaangua kilio: "Bibi amepika peremende zangu!"

"Na magadi yako wapi?" nikamwuliza.

Akalia zaidi. "Ya kaka. Kwenye boksi."

Bibi alinitazama, nikamtazama. Nilitegemea fimbo. Mama wa watu akaweka mwiko chini, akajifunika uso kwa khanga, mabega yakawa yanatikisika, na mpaka leo nikimkumbusha anasema alikuwa anafuta moshi. Baadaye akamvuta mjukuu, akamfuta kamasi, akaniambia nisithubutu kumgusa. "Huyu ana akili. Mumeo umri huu alikuwa anakula udongo."

Niliporudi sebuleni nikiwa sijui naanzia wapi, mgeni alikuwa keshasimama kuaga. Na mume wangu, kwa ukarimu wake, alikuwa anamfungia mabonge mengine mawili kwenye karatasi, ya mama wa nyumbani. Nilimkonyeza. Akadhani nataka aongeze. Akaongeza.

Siku chache baadaye simu ikalia alfajiri. Mzee wa kanisa. Nikaketi kitandani moyo unadunda.

"Mama Kadogo, ile peremende."

"Ndiyo mzee. Nilitaka kukueleza..."

"Nina kiungulia mwaka wa ngapi huu. Silali. Sasa nimelala! Nalamba kidogo tu usiku, nabeua, nalala mpaka jogoo. Mwambie mdogo wako atutumie nyingine, gharama nitachangia."

Nilimpa mume wangu simu azungumze naye, maana kichwa cha nyumba ni yeye. Akazungumza. Akasema "ndiyo mzee" mara nyingi, akakata, akavaa viatu, akaenda soko la Majengo. Akarudi na magadi ya elfu moja, akayapanga kwenye boksi lenye picha ya msikiti na bahari. Ya kunyunyizia unga alimwachia Kadogo, mwenye ujuzi.

Jioni mzee akaja kuchukua. Alilipokea boksi kwa mikono miwili, akaliangalia kwa mwanga wa dirishani, akatikisa kichwa.

"Wenzetu wametuacha mbali," akasema. "Sisi huku Ugogoni kitu kama hiki tungekijulia wapi?"

Bibi, aliyekuwa mkekani anachambua karanga, akamuuliza kama angependa na kopo lake.