Makaratasi ya Marehemu Si Takataka

Arobaini ikishasomwa, nyumba inafanyiwa usafi. Sanduku la mzee linafunguliwa uani na vijana wanachambua: picha aliyopiga na kiongozi inawekwa kwenye fremu, kadi ya TANU inapelekwa stesheneri kulaminetiwa, na "makaratasi" yaliyobaki yanachomwa. Miaka ikipita, familia inapeleka bahasha moja Nyaraka za Taifa, ofisi ya serikali inayotunza kumbukumbu, iwe ndiyo kumbukumbu yote ya marehemu. Inauma sana.

Kilichochomwa ndicho kilichohitajika. Ile picha huenda serikali ina nakala yake. Daftari la mikopo ya duka, linaloonyesha nani alikopa kanga mwaka 1958 na kama alilipa kwa fedha au kwa korosho, halina pacha popote. Vivyo hivyo stakabadhi za ushirika na mihtasari ya vikao vya tawi iliyoandikwa kwa penseli. Basi msichague! Kuchagua ni kazi ya mtunza nyaraka, na mwiteni aje nyumbani aone vitu vikiwa mahali pake. Wala msipange upya kwa tarehe. Kama mzee alifunga barua tatu na risiti moja kwa uzi mmoja, alikuwa na sababu. Ukikata uzi, hakuna atakayejua tena kwamba risiti ile ndiyo jibu la barua zile.

Kulamineti ni kuua karatasi. Joto la mashine linaiyeyusha gundi ya plastiki mpaka inaingia kwenye nyuzi za karatasi, na kuitoa bila kuichana ni karibu muhali. Asidi iliyomo inabaki humo humo ikiendelea kuila. Selotepu nayo inageuka kahawia na kuacha doa. Palipochanika, weka vipande vyote ndani ya karatasi nyeupe iliyokunjwa, basi. Karatasi zenye ukungu zitengwe kwenye boksi lake na zikaushwe kivulini penye upepo; ukungu mbichi ukiufuta unausambaza. Nyuma ya picha andika majina pembezoni, kuanzia kushoto, kwa penseli ya 2B, kwa sababu wino wa kalamu hupenya.

Skani ni nzuri, dpi (nukta kwa inchi) 300 kwa barua na 600 kwa picha, lakini haichukui nafasi ya karatasi yenyewe.

Wapo wanaoogopa kwamba vitu vitapotea huko huko Nyaraka za Taifa. Hofu hiyo siipuuzi, na dawa yake ni hati ya makabidhiano. Asaini msimamizi wa mirathi, na muhtasari wa kikao cha ukoo uambatishwe, la sivyo mrithi mmoja atakuja kudai sanduku baada ya miaka kumi. Hati iseme kama ni zawadi au amana, iwe na orodha ya boksi kwa boksi, na ieleze visivyohitajika vitarudishwa au vitateketezwa. Hakimiliki iandikwe peke yake: kumpa mtu karatasi si kumpa haki ya kuichapisha, na barua alizopokea mzee, haki yake ni ya waliomwandikia.

Faida ya kukabidhi inaonekana. Hati za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu zilizokusanywa na mtafiti wa Kiswahili J.W.T. Allen miaka ya 1960, nyingine zikitoka majumbani mwa watu wa pwani, ziko Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na wasomi wa tendi wanazitegemea mpaka leo.

Yaliyo siri, kama barua za talaka au ugonjwa, msiyachome. Yafungwe kwa masharti. Ila msiandike "mpaka familia itakaporuhusu", maana wanaoruhusu nao watakufa na boksi litabaki limefungwa bila mwenye ufunguo. Andikeni mwaka: zisifunguliwe kabla ya 2050.