Hata Kibanda cha Mama Kiandikwe kwenye CV

Mwaka jana niliombwa kusaidia kuchuja maombi ya kazi. Nafasi ilikuwa moja, karani wa stoo, na bahasha zilijaza maboksi mawili. Nilikaa nazo Jumamosi nzima. Ilipofika saa nane mchana nilikuwa nimeshaikariri aya ya kwanza kabla ya kufungua bahasha: mimi ni kijana mchapakazi, mwaminifu, ninayejituma, ninayeweza kufanya kazi katika mazingira magumu bila kusimamiwa. Na kule chini, kwenye mambo ninayopenda: kusoma vitabu, kuangalia mpira na kubadilishana mawazo. Nilihesabu bahasha kumi na moja zenye kosa lilelile la tahajia, kwenye neno lilelile, mstari uleule.

Kosa hilo halikufanywa na vijana kumi na mmoja. Lilifanywa mara moja, kwenye kompyuta moja, likarithiwa.

Aliyesoma chuo chochote hapa Dar es Salaam anaijua kompyuta hiyo. Ipo steshenari, pembeni ya mashine ya fotokopi, na ndani yake kuna faili la CV la mtu aliyehitimu zamani. Unafika, unataja jina, tarehe ya kuzaliwa na shule ulizosoma. Dada wa steshenari anafuta ya mwenzako, anaweka yako, anachapa, unalipa, unaondoka. Simlaumu dada huyo; anafanya alichoombwa, tena upesi, na foleni iko mlangoni. Kinachoniuma ni kwamba jina linabadilika na maisha yanabaki ya mtu mwingine.

Jambo hili limenigusa zaidi kwa sababu ya mpwa wangu. Ana stashahada ya uhasibu, na alikuwa amepeleka maombi mwaka mzima bila kuitwa popote. Siku moja akaja kwangu Mbagala na flashi yake, nikafungua faili. Ukurasa na nusu. Chini ya uzoefu wa kazi alikuwa ameandika fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, ya wiki nane katika ofisi fulani, basi.

"Na kwa mama yako je?" nikamuuliza.

"Mjomba, pale siyo kazi. Pale ni kibandani tu."

Kibandani tu! Binti huyu amekaa kwenye kibanda cha uwakala cha dada yangu miaka minne, kabla ya chuo, wakati wa likizo na baada ya kumaliza. Anatoa na kupokea fedha kwa mitandao mitatu. Anajua floti ya asubuhi, yaani fedha ya kuanzia kazi, iwe kiasi gani mwisho wa mwezi, watu wakishapokea mishahara, na iwe kiasi gani katikati ya mwezi mtaa ukiwa umekauka. Kila jioni anafunga hesabu kwenye daftari, na ikipungua elfu mbili halali mpaka ajue imekwenda wapi. Dada yangu alipougua na kulazwa, yeye ndiye aliyekiendesha peke yake miezi minne, na mama aliporudi alikuta mtaji haujapungua hata shilingi. Mwite mhasibu yeyote umsimulie haya, atakwambia huyo ni keshia aliyepikwa akaiva. Lakini kwa kuwa hapakuwa na barua ya ajira wala kitambulisho cha kuning'iniza shingoni, aliona haya kuyaandika.

Haya hiyo, aibu hiyo, ndiyo ninayotaka tuivue. Tumelelewa tukiamini kazi ni ile yenye kiti, meza na bosi, na nyingine zote ni "kuhangaika". Kijana ameuza spea za pikipiki Kariakoo miaka mitatu, anazijua kwa sura na kwa namba, halafu anaandika hana uzoefu. Mweka hazina wa kikoba ameshika fedha za akina mama arobaini, mgao ukafika bila ugomvi, na CV yake haisemi neno. Kisha mwajiri anayetafuta mtu wa kuaminiwa na fedha anasoma neno "mwaminifu" mara mia kwa siku na hamwoni hata mmoja.

Mimi na mpwa wangu hatukuanza na kompyuta. Nilimwambia anisimulie siku yake ya kazi tangu anafungua mlango mpaka anaufunga, nami nikawa naandika. Akasimulia kwa saa nzima. Kutoka humo tukachota mistari michache: anahudumia wateja 60 hadi 80 kwa siku, amefunga hesabu za kila siku kwa miaka 4, amesimamia kibanda peke yake kwa miezi 4 bila upotevu. "Mchapakazi" tukaifuta, maana ilikuwa imeshaonekana. Nikambana sana kwenye namba. Asiandike yoyote ambayo hawezi kuieleza akiulizwa kwenye usaili, kwa sababu ataulizwa, na mtu aliyeishi jambo huwa analieleza bila kutafuta maneno.

Kuhusu kudanganya nitasema kidogo tu. Mwezi Aprili 2017, pale Dodoma, ripoti ya uhakiki wa vyeti ilikabidhiwa kwa Rais Magufuli ikiwa na watumishi wa umma 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi. Wengine walikuwa kazini miaka na miaka. Cheti hukaguliwa hata baada ya kuajiriwa.

Turudi kwenye karatasi yenyewe. Ninapochuja, tangazo la kazi liko kushoto kwangu na CV iko kulia, na nusu ya juu ya ukurasa wa kwanza ndiyo inayoamua kama nitaendelea kwa hamu au kwa uvivu. Ni ukatili, naukiri, lakini macho ya binadamu yanachoka. Yule karani wa stoo alitakiwa kujua kuhesabu mzigo, kuandika leja na kutumia kompyuta. Kulikuwa na kijana mmoja aliyeyafanya hayo yote kwenye duka la spea. Aliyaandika ukurasa wa tatu, chini ya shule ya msingi na mwaka aliomaliza darasa la saba. Niliyaona kwa bahati. Anza na la karibuni, na lile linaloombwa kwenye tangazo lipande juu kabisa, hata kama kwa kila kazi itakubidi upange upya. Ndiyo maana faili liwe lako, kwenye simu yako au barua pepe yako, lisibaki steshenari.

Dini, kabila, hali ya ndoa na idadi ya watoto viondoe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza mwajiri kubagua kwa misingi hiyo, na katika kifungu hicho mwombaji wa kazi naye anahesabiwa kuwa mwajiriwa. Kwa nini umpe mtu usiyemjua sababu ambayo haruhusiwi kuitumia? Nimewahi kusikia mezani, "Huyu ana mtoto mchanga, atatusumbua." Dada yule alikuwa ameliandika mwenyewe, kwa sababu faili alilorithi lilikuwa na nafasi ya kujaza.

Wadhamini nao waombwe kabla ya kuandikwa. Nimepiga simu kwa mdhamini akaniuliza, "Nani huyo?" Mpwa wangu alikuwa ameweka mkuu wa chuo, ambaye hamjui hata kwa sura. Tukamtoa, tukaweka mwalimu aliyemsimamia fildi na muuza duka la jumla aliyekuwa akichukua chenji kwao kila siku.

Kwa kazi za serikali mambo yanabana zaidi. Maombi hupitia Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na matangazo yake husema wazi kinachotakiwa: barua iliyosainiwa, kwa Kiswahili au Kiingereza, wadhamini watatu, na vyeti vyenyewe vya kuhitimu, maana hati ya matokeo ya kidato cha nne au cha sita haipokelewi badala ya cheti. Soma tangazo zima kabla ya kubonyeza.

Najua kuna atakayesema haya yote ni bure, kazi ni kujuana. Kujuana kupo, siwezi kukuficha. Lakini hata huyo mjomba au jirani anayekubali kuipeleka CV yako ofisini kwao anaiweka mbele ya bosi wake, na jina lake linakwenda pamoja na karatasi hiyo. Mpe kitu ambacho hataona aibu kukitoa kwenye bahasha.

Mpwa wangu ameitwa kwenye usaili mara mbili tangu siku ile. Kazi bado, ila safari zote mbili walimuuliza habari za kibanda, naye akaeleza.

Na yule kijana wa spea tulimweka kwenye orodha. Nilimpigia mwenyewe, Jumatatu asubuhi. Namba haipatikani. Nikapiga mchana, nikapiga jioni, nikatuma ujumbe. Barua pepe ilirudi, ilichapwa ikiwa imepungua herufi moja. Nikaangalia tarehe aliyoweka chini ya sahihi: CV ilikuwa ya miaka miwili nyuma, ile ile, imetolewa fotokopi. Alhamisi tukampigia aliyefuata.