Kabla Hujavuta Kamba

Waswahili husema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Kwenye korongo, msemo huo usiufuate. Kushuka korongo kwa kamba kuna hatua moja tu isiyo na kurudi, nayo si kuvua nguo, si kuingia majini, wala si kuning'inia ukutani. Ni pale mtu wa mwisho anapokanyaga chini, mkashika upande mmoja wa kamba, mkavuta, na ncha ya pili ikapita kwenye pete kule juu na kuwaangukia miguuni. Hapo nyuma yenu umebaki ukuta wa mita 20 usiopandika. Kabla ya hapo, vaeni nguo zenu mrudi nyumbani, na anayetaka kucheka acheke.

Nalileta hili sasa kwa sababu makundi ya marafiki Arusha na Moshi yameanza kuchangishana mafuta ya safari ya Nane Nane. Msimu wenyewe nauunga mkono kwa asilimia mia. Wengi hungoja Desemba, Wachagga wakipanda nyumbani kwa Krismasi na barabara ya Moshi ikijaa magari, lakini Desemba bado kuna mvua za vuli, na bonde la Natron mwezi huo ni tanuri. Saba Saba na Nane Nane zinaangukia katikati ya kipupwe: anga kavu, vijito vimepungua, nyika ya Bonde la Ufa inatembeleka mchana. Sahara hatuna, lakini kutoka Mto wa Mbu kwenda Engaruka hadi Engare Sero, kijiji kilicho karibu na Ziwa Natron, kuna ukame wa kutosha kumfundisha mtu adabu.

Kinachowapoteza watu ni kudhani kwamba nchi kavu haina baridi. Hewa kavu na anga lisilo na mawingu huachia joto la ardhi lipotee usiku kucha, na korongo huamka likiwa baridi kuliko uwanda ulio juu yake. Halafu kuna suala la jua ambalo wapangaji wengi hawalitazami kabisa. Mwezi wa saba na wa nane, huku kwetu kusini kidogo ya ikweta, jua la mchana hupita upande wa kaskazini. Korongo linalokwenda mashariki–magharibi, lenye ukuta mrefu upande wa kaskazini, linaweza kukosa jua sakafuni siku nzima. Jua linazama karibu saa 12 na nusu jioni, lakini ndani ya ufa mwembamba giza la vivuli huanza alasiri. Ramani itakwambia korongo limeelekea wapi kabla hujatoka Arusha.

Na maji. Maji hunyang'anya mwili joto takriban mara 25 kuliko hewa ya joto lilelile. Mtu aliyelowa na kusimama kivulini penye upepo anapoa haraka kuliko anavyojisikia. Ukitazama vizuri utaona kwamba anayeshuka kamba hapati baridi, maana anafanya kazi. Baridi humpata anayesubiri. Piga hesabu: kundi la watu 8, kila mmoja dakika 8 ukutani. Wa kwanza kushuka atakaa chini akiwa amelowa kwa dakika 56 akiwangoja wenzake 7. Kuta 4 za namna hiyo, pamoja na dakika 10 za kufunga kamba kila ukuta, ni muda wa karibu saa 5, bila kutembea hata hatua moja. Watu 5 kwa kuta zilezile wanatumia saa 3 na dakika 20. Kwa hiyo maoni yangu ni haya, na najua yatawaudhi wenye magurupu makubwa ya WhatsApp: korongo la kipupwe ni la watu 4 au 5. Wa sita abaki kambini apike.

Mavazi. Maduka ya kukodisha vifaa vya mlimani, Arusha na Moshi, yatakupa koti, begi la kulalia na taa ya kichwa. Suti ya mpira ya kuzamia usiitegemee huko. Ulizia kwa wanaofanya kazi za uzamiaji Dar au Unguja. Ya milimita 3 inatosha pale mnapovuka maji ya magotini na kuloa mara mojamoja, ya milimita 5 ni kwa madimbwi ya kuogelea. Ukikosa, nenda mitumba, soko la Kilombero Arusha au Memorial Moshi, utafute sweta za manyoya ya plastiki, zile nyepesi ambazo ukizikamua hubaki na joto. Jinzi na fulana ya pamba ziache kwenye gari. Pamba ikilowa hushika maji na kukugandia mwilini, na jinzi iliyolowa humchosha mtu kama amebeba mtoto. Kila mmoja awe na seti moja kavu kabisa ndani ya mfuko usiopitisha maji, isiyoguswa mpaka mwisho au mpaka hatari. Shuka la Kimasai liingie humo pia.

Kipimo cha mikono ni rahisi: gusisha kidole gumba na kidole kidogo cha mkono huohuo. Asiyeweza hafungi fundo, haangaliwi tu hivihivi, anavishwa na kulishwa. Anayejikwaa, anayeongea kama amelewa, anayeangusha karabina (ile pingu ya chuma ya kuunganishia kamba), huyo baridi imeshamwingia. Anayetetemeka bado yuko vizuri kuliko aliyeacha kutetemeka bila kupata joto. Mvue nguo zilizolowa, mkinge upepo, mpe chai ya tangawizi yenye sukari nyingi au mtori kutoka kwenye chupa ya chai, msisugue mikono na miguu yake. Na ile chupa ndogo ya pombe kali ambayo kila kundi lina mtu wake wa kuibeba ibaki kambini: pombe hutanua mishipa ya ngozi, mtu anajisikia moto huku joto la ndani likimtoka.

Sasa kamba, ambayo ndiyo watu huiogopa zaidi ingawa ndiyo sehemu inayotabirika zaidi. Tumia kamba isiyonyumbuka, ya milimita 9 hadi 10 kwa wanaoanza. Ile inayonyumbuka ya wakwea miamba hurukaruka na kusaga kwenye ukingo. Urefu wake uwe mara mbili ya ukuta mrefu kuliko zote na mita 5 za ziada: ukuta wa mita 25 ni kamba ya mita 55. Na ziwe kamba mbili kwenye kundi, kwa sababu moja ikikwama juu mkiwa mmeshashuka hamtaipanda kuifuata. Mtaiacha, mwendelee na ya pili.

Nanga, yaani jiwe au mti mnaofungia kamba kule juu, ndiyo ya kuangaliwa kwa jicho kali. Miamba ya Bonde la Ufa ni ya volkano, tabaka za lava ngumu zikipishana na majivu yaliyogandamana, na hayo majivu humeguka kama biskuti. Jiwe kubwa lililokaa juu ya tabaka la majivu si nanga hata likiwa na ukubwa wa gari. Mgunga uwe hai, mnene kama paja, na mizizi yake usiione ikining'inia ukingoni. Beba utepe wa nailoni wa milimita 25, mita 15 hadi 20, pete za chuma za kuachwa, na kisu. Utepe uliokuta umefungwa na waliopita, kama umepauka na kukakamaa, jua limeshaula: ukate, weka wako, wa zamani utoke nao. Kisha jaribuni nanga kwa mpangilio huu: mzito kuliko wote ashuke wa kwanza huku nanga ikiwa na ya akiba nyuma yake, iliyolegea kidogo. Mwepesi kuliko wote awe wa mwisho, baada ya akiba kuondolewa. Wengi hufanya kinyume, eti kwa kumwonea huruma mwepesi.

Kosa jingine ni kuifunga kamba juu kwa fundo lisilolegezeka. Shati, rasta, ncha ya mtandio au kamba ya kofia ikiingia kwenye kifaa cha kushukia, mtu ananing'inia hapohapo, na kama ni chini ya maporomoko anapigwa maji kichwani mpaka akose pumzi. Ukifunga kwa kifaa cha umbo la nane kilichobanwa kwenye nanga, aliye juu anaweza kukifungua huku uzito ukiwa bado kwenye kamba na kumteremsha mpaka chini. Ndiyo maana kamba inatakiwa kuwa mara mbili ya ukuta hata kama anayeshuka anatumia upande mmoja tu: nusu ya pili iko juu, ndani ya mfuko, ikingoja balaa. Nywele zibanwe ndani ya helmeti, mashati yachomekwe. Wa kwanza akishafika chini ashike ncha ya kamba, maana akiivuta kwa nguvu aliye juu yake atasimama hata kama mikono imemwachia.

Kuhusu fundo la mwisho wa kamba watu hugombana bure. Korongo kavu, funga fundo, ili asiyejua kamba imeishia wapi asiteleze na kuitoka. Penye maji yanayokwenda kasi usifunge, kwa sababu fundo hukwama kwenye mawe na kumshikilia mtu ndani ya maji. Hapo kamba ipimwe iguse maji tu, ashuke, aachie, aogelee atoke.

Halafu ile hatua ya kichwa cha habari. Kabla wa mwisho hajashuka, aliye chini avute kamba mita moja huku wa juu akiangalia. Ikisogea, sawa. Ikigoma, wa juu aongeze utepe ili pete ivuke ukingo wa mwamba, wajaribu tena. Hiyo ni dakika 3. Na mara tu wote wako chini, kabla ya kuvuta, mmoja aulize kwa sauti maswali haya: mikono ya kila mtu inafunga fundo? Saa ngapi sasa? Maji yamebadilika rangi? Ukuta unaofuata tunaujua? Jibu moja likiwa baya, kamba bado ipo, na mwenye nguvu na ujuzi wa kupanda kwa vitanzi vya kamba ya milimita 6 vinavyojikaza kwenye kamba kubwa anaweza kurudi juu kuita msaada. Nimeona miongozo mingi inayoeleza namna ya kuvuta kamba na michache sana inayoeleza wakati wa kutovuta.

Rangi ya maji nimeitaja kwa makusudi. Tarehe 12 Agosti 1997 watu 11 walikufa kwenye korongo la Antelope, Arizona, kwa mafuriko ya mvua iliyonyesha kilomita kadhaa kutoka walipokuwa. Jirani zaidi, Hell's Gate nchini Kenya, tarehe 1 Septemba 2019 maji ya ghafla yaliua watu 7. Septemba si masika. Kijito cha Engare Sero hutoka nyanda za juu magharibi ya bonde, kwa hiyo anga unalopaswa kuliangalia si lililo juu ya kofia yako. Matawi na majani makavu yaliyokwama ukutani juu ya kichwa chako yanakuonyesha maji yaliwahi kufika wapi.

Nyuki ndio hatari ambayo miongozo ya Wamarekani haiipi uzito unaotustahili sisi. Nyuki wetu hujenga kwenye nyufa za miamba, na mtu aliye kwenye kamba hawezi kukimbia. Waulizeni wenyeji, hasa wanaorina asali, ukuta upi una mizinga. Kama ukuta una madoa meusi ya nta chini ya ufa, chagueni ukuta mwingine. Nyani nao huangusha mawe wakipita juu, helmeti haivuliwi hata wakati wa kula.

Kuruka madimbwini sitalizungumzia sana. Maji usiyoyafika hujui wingi wake, basi mteremshe mtu kwa kamba ayapime kwanza. Kifundo cha mguu kilichovunjika ndani ya korongo ni usiku mzima mnaoutumia humo.

Kwa kundi ambalo halijawahi kushika kamba, ningewapeleka Engare Sero wapande korongo kutoka chini kuelekea maporomoko, na mwongozaji wa kijiji, bila kamba yoyote. Ada ya kijiji mlipe bila kunung'unika. Hapo mtajifunza kutembea juu ya mawe yanayoteleza, mtajua nani hulalamika na nani hunyamaza anapopata baridi, na mkichoka mnageuka. Ukishatoka hapo, siku mbili za mazoezi kwenye ukuta mkavu wa mita 8. Na mpendwa uliyefika Uhuru, mita 5,895, usikasirike: njia za kawaida za Kilimanjaro hazitumii kamba. Mwongozaji mzuri wa mlima si lazima awe mwongozaji wa kamba. Muulize akuonyeshe namna ya kumteremsha mtu aliyekwama, umtazame mikono.

Mmarekani Aron Ralston alinaswa na jiwe kwenye korongo la Bluejohn, Utah, mwezi wa nne 2003, akakaa zaidi ya siku 5 na kujikata mkono, na hakuwa amemwambia mtu yeyote anakokwenda. Karatasi moja inatosha: majina, jina la korongo, mahali gari lilipo, saa ya kutoka, na saa ambayo mkiwa hamjatokea msaada uanze. Iachwe kwa mtu kijijini na nakala kwa mtu Arusha, kwani ndani ya korongo simu haishiki. Ukuta wa kwanza uanze kabla ya saa 3 asubuhi. Ikifika saa 6 hamjauanza, hiyo ni siku ya nyama choma.

Mkirudi, kamba ioshwe kwa maji safi bila sabuni kali. Vumbi la Natron lina magadi, nalo huingia ndani ya nyuzi. Ianikwe kivulini, si juani. Moshi mwezi wa nane, na manyunyu yale ya asubuhi, itachukua siku tatu kukauka, na ikirudishwa kwenye mfuko ikiwa mbichi itaota ukungu kabla ya safari ijayo.