Mwenye Alenki Namba 3 Asogee Mbele

Shemeji yangu alipotaja bei ya gitaa lake jipya, mke wangu aliweka mwiko chini akamuuliza kama linatumia petroli au dizeli. Ilikuwa milioni tatu kasoro kidogo, pesa ya kuanzia msingi wa nyumba kule Chanika, na shemeji aliitoa yote kwa mkupuo kwa baharia aliyekuwa likizo. Gitaa lilikuja ndani ya sanduku gumu lililotandikwa kitambaa chekundu. Kwenye mazoezi alitukataza hata kulipumulia.

Ni kaka wa mke wangu, kwa hiyo kumsema ovyo siwezi. Nilichoruhusiwa ni utani tu, na nautumia wote. Yeye ndiye mpiga solo wa bendi yetu, bendi ya harusi na vipaimara hapa Dar es Salaam. Mimi napiga rizimu, gitaa la kusindikiza. Nimpe haki yake: mikono anayo. Ila aliamini mikono hiyo ilikuwa ikisubiri chombo cha hadhi yake.

Chombo chenyewe kilikuwa cheusi, kinang'aa, na kina ule mkono wa chuma wa kuyumbisha sauti. Kwenye gitaa la kawaida daraja, pale nyuzi zinapoishia, limetulia mahali pake. Kwenye hili linaelea. Mbele nyuzi sita zinalivuta, na nyuma, ndani ya mwili wa gitaa, springi zinalivuta upande wa pili. Nyuzi nyembamba, zile za seti inayoitwa namba 9, zikikazwa sawasawa zinavuta kama kilo 38 kwa pamoja, na springi lazima zilingane nazo. Kule juu shingoni nyuzi zinabanwa na vyuma vya skrubu ili zisihame. Mfumo huo aliubuni Mmarekani Floyd Rose, naye mpiga gitaa, mwishoni mwa miaka ya 1970, na Eddie Van Halen, mpiga gitaa wa roki, akaupa umaarufu. Ukifungwa vizuri, unaulaza mkono mpaka nyuzi zinalegea kabisa, unauachia, na kila sauti inarudi palepale. Ni kazi ya akili kubwa. Sina hakika kama ilifikiriwa kwa ajili ya kumwingiza bibi harusi ukumbini.

Langu mimi ni la Kichina, la Kariakoo, la bei ambayo shemeji alisema haitoshi kununua sanduku la lake. Lilipotoka dukani halikupigika. Nyuzi zilikaa juu sana, kodi ya F, yaani sauti kadhaa unazozibana kwa pamoja, ilitaka mikono ya kuazima, na ukipiga kodi za chini zikawa sawa, za juu zinakwenda zinakotaka. Nikalipeleka Temeke kwa mzee mmoja, seremala, ambaye enzi zake alipiga besi kwenye bendi za dansi.

Mzee hakuuliza bei yake. Alilitazama shingo kwa jicho moja, akabana uzi wa sita kwenye freti ya kwanza, vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo, kwa mkono mmoja na freti ya mwisho kwa mkono mwingine, akaniambia nipenyeze fila geji, ile ya mafundi magari ya kupimia plagi, chini ya uzi pale freti ya 7 au ya 8. Alitaka nafasi ya robo milimita. Ikapita bamba la milimita nzima, na nafasi ikabaki.

"Hili shingo limepinda upinde," alisema. "Wangekuuzia na mishale."

Ndani ya shingo kuna nondo nyembamba ya kulinyoosha. Akaingiza ufunguo, akakaza robo mzunguko, akaacha, akanywa chai, akarudi kupima, akakaza tena kidogo. Kile kidaraja cha plastiki cha juu, nyuzi zinapoingilia shingoni, akaking'oa akakitupa. Badala yake akachukua mfupa wa paja la ng'ombe kutoka kwa jirani yake muuza supu, alioukausha baada ya kuuchemsha tena kuutoa mafuta, akausugua kwa msasa na kuuchonga njia sita kwa tupa ndogo. Njia ikiwa juu, kodi za mwanzo zinapanda sauti hata ukizibana kwa adabu. Ikiwa chini mno, uzi unagonga freti na kulia zzz. Kisha akaja kwenye daraja la chini. Anagusa uzi juu ya freti ya 12 upate ile sauti ya kengele, halafu anaubana palepale, anasikiliza. Sauti ya kubana ikiwa juu, anakirudisha nyuma kile kikalio cha uzi. Ikiwa chini, anakisogeza mbele. Alipomaliza, nyuzi zilikaa milimita 2 juu ya freti ya 12, na gitaa likawa linapigika. Nikalipa 20,000. Siku za mwanzo lilinukia kongoro kwa mbali, na paka wetu alilala juu ya sanduku lake.

Shemeji alilibatiza jina hapohapo: gitaa la supu.

"Mwambie Mzee alitazame na lako, shem," nilimwambia. "Lilikokuja ni baridi, hapa joto na chumvi ya bahari. Mbao na springi lazima zimesogea."

"Shem, hili halifunguliwi na seremala."

Nikamkumbusha kwamba gitaa maarufu la Van Halen, lile la mistari, lilikuwa la kuungaunga: bodi yenye kasoro ya kiwandani ya dola 50 na shingo ya dola 80. Akafikiri kidogo. "Dola za wakati ule," akasema, "zilikuwa na nguvu."

Basi tukafika kwenye harusi yenyewe. Ukumbi umejaa, feni zinazungusha joto lilelile, kamati wamevaa sare ya maruni. Mwimbaji wetu ni mzee wa heshima ambaye hajui kodi hata moja kwa jina; sauti yake anaitafuta kwenye solo, na akishaipata haachi. Tukaanza wimbo wa kuwaingiza maharusi, kii ya G, yaani sauti ya msingi ni G. Wapambe wakatangulia kwa mwendo wa pole, bibi harusi akafuata na shela lake, vigelegele vikapanda. Shemeji akaona huo ndio wakati wa kuuonyesha umma ule mkono. Akaulaza. Gitaa likalia kwa uchungu mtamu. Akaunyanyua, na uzi wa kwanza ukakatika.

Kwenye gitaa langu, uzi ukikatika unabaki na mitano na unaendelea na maisha. Kwenye lake, uzi mmoja ukiondoka zimeondoka kilo 6 upande wa mbele. Springi nyuma hazikujua kuna msiba, zikavuta. Daraja likarudi nyuma, nyuzi tano zilizobaki zikakazika zote kwa pamoja, na gitaa zima likapanda karibu nusu sauti mbele ya macho ya wazazi wa pande zote mbili.

Mwimbaji, mtu mwaminifu, akapanda nalo.

Mpiga besi alidhani amekosea yeye, akahama freti moja juu. Kinanda kikabaki G. Mimi nikabaki G, kwa sababu gitaa la supu halikuwa na habari. Bwana harusi alisimama katikati ya zulia, mguu mmoja hewani, akidhani ni ishara fulani ya kisasa. Shangazi mmoja kwenye meza ya mbele aliziba sikio upande wetu tu, lile jingine akaliacha kwa ajili ya umbea.

Shemeji akakimbilia vikaza nyuzi. Anazungusha, hakuna kinachobadilika, maana kule shingoni nyuzi zimebanwa kwa skrubu. Akarudi kwenye vile viskrubu vidogo vya darajani, akalegeza uzi wa sita. Mzigo ukapungua tena mbele, minne iliyobaki ikapanda. Akalegeza wa tano, wa sita ukapanda. Alikuwa anawafukuza kuku watano kwenye uwanja usio na uzio. Ili afungue kule juu alihitaji alenki, kile kifunguo chenye umbo la herufi L, namba 3. Chake kilikuwa nyumbani, ndani ya sanduku lenye kitambaa chekundu, kwa sababu gitaa lilikuja ndani ya begi jepesi la mgongoni linalopendeza zaidi pichani.

Alimnong'oneza mshereheshaji. Mshereheshaji, ambaye hana sauti ya kunong'ona, akashika kipaza sauti:

"Mabibi na mabwana, wageni waalikwa, mwenye alenki namba 3 asogee mbele tafadhali! Alenki namba 3!"

Watu wa kwetu wakarimu sana. Mjomba wa bibi harusi akaja na ufunguo wa gari, akasema liko geti la pili, lihamishwe tu. Vijana wa bodaboda waliokuwa nje wakaingia na zao: namba 5, namba 6, moja namba 8 ambayo ingeweza kufungua mlango wa ukumbi. Injinia wa meza ya marafiki akauliza kama ni ya milimita au ya inchi, akaanza kueleza tofauti. Na mweka hazina wa kamati, kwa mazoea, akafungua daftari na kuuliza, "Hiyo alenki ni mchango wa upande gani?"

Bwana harusi bado alikuwa zuliani.

"Shem," akaniambia shemeji bila kunitazama, "nipe la supu."

Nikampa. Mpiga besi akashuka freti moja, mzee wetu akavutwa taratibu mpaka G, na shemeji akaanza kulikung'uta lile gitaa la Kariakoo kwa namna ambayo mimi sijawahi kulisikia. Hana mkono wa kuyumbisha, akayumbisha kwa kidole. Watu wakaja kumtunza. Noti zikabandikwa usoni pake, kwenye kola, na moja kwenye gitaa langu, ambayo aliichukua pia. Mimi nilikuwa pembeni natikisa kayamba. Mke wangu alikuwepo ukumbini na mpaka leo anasema ndiyo siku niliyopiga vizuri zaidi.

Malipo yetu yalipunguzwa kidogo. Kamati waliandika sababu: "kuchelewesha zulia."

Jumatatu tulikuwa Temeke. Mzee alifungua kifuniko cha nyuma, akazitazama springi, akasonya. Nyuzi zilikuwa za zamani, zimepata kutu, na daraja lilikuwa limelala kwa mbele kabla hata ya harusi. Akauliza swali moja: "Mkono huu unauhitaji kwa wimbo gani?" Shemeji akafikiri, akakosa wimbo.

Basi Mzee akachukua vipande viwili vya mpingo, masalia aliyoyapata kwa wachonga vinyago wa Mwenge. Hiyo ndiyo mbao ambayo Wazungu wanaitafuta huku kwetu kwa ajili ya klarineti zao. Akavipima, akavichonga, akavibana kimoja mbele na kimoja nyuma ya chuma cha daraja, mle ndani. Daraja likaacha kuelea. Akaweka nyuzi mpya, akanyoosha shingo, akapanga vikalio kimoja kimoja.

Sasa nikiri jambo ambalo shemeji halisomi, kwa kuwa hasomi chochote kisicho na picha ya gitaa: lile gitaa ni zuri. Freti zake zimelala sawa mwanzo mpaka mwisho, sauti haikwaruzi hata spika zikiwa mbovu, na linashika mlio usiku kucha, tangu watu wanakula mpaka wanapogombania maua ya mezani. Langu, wimbo wa tatu lazima niliguseguse. Kwa hiyo pesa ilikuwemo mle ndani kweli, sehemu yake, ila ilikuwa haijafunguliwa.

Mzee alipangusa mikono, akasema ni 60,000.

"Mzee wangu!" shemeji akaruka. "Mbona la shem ulifanya kwa 20,000, na mfupa ukaweka?"

"La shemeji yako lilikuwa la bei gani?"

"La Kichina lile? Bure kabisa."

"Na hili?"

Shemeji alikaa kimya. Nikaona anapambana. Pale karakana walikuwepo vijana wawili wamekuja kuchongesha vitanda, wanasikiliza.

"Milioni tatu," akasema, kwa sauti ya kutosha wasikie, akatoa pochi.