Ile meseji ya harusi ya Yona: sikilizeni upande wangu sasa

Kabla sijasema kitu, kile alichoweka mshkaji wetu Side kwenye status yake jana ni uongo mtupu. Eti ile meseji niliiharibu makusudi kwa sababu nilinyimwa ubestimeni. Kwanza sijawahi kuutaka, suti ya kaki kwa jua la Dodoma nani anaitaka. Pili, mtu akitaka kulipiza kisasi hatumii hela yake mfukoni. Mimi nilitoa hela yangu mwenyewe, elfu kumi, kuweni na huruma.

Mnajua mi ni katibu wa kamati ya harusi ya Yona Mavika. Ukatibu nilipewa kwa sababu nina laptop, hakuna sababu nyingine. Kazi ya katibu ni kukumbusha watu ahadi zao, na mnajua wenyewe mtu anavyoahidi laki mbili kikao cha kwanza akiwa na bia mbili kichwani, kikao cha tatu hapokei simu. Daftari lina watu mia nne na ishirini. Kuwapigia wote ni kifo.

Mtasema si ungetumia WhatsApp. Jamani hii ni familia ya Wagogo wazee, nusu ya daftari wako Mpwapwa, Kongwa na Bahi huko ndanindani na viswaswadu vyao vya betri ya wiki nzima. Halafu ile broadcast ya WhatsApp inamfikia tu aliyekusevu, na mtu anayedaiwa mchango hawezi kumsevu katibu, labda amsevu ili asipokee. Kwa hiyo ni SMS tu. Nikajaribu kwa simu na kifurushi cha SMS, simu yenyewe ikaanza kuniuliza kila baada ya muda una uhakika unataka kutuma meseji nyingi hivi, kama mke. Nikaona hapana, intaneti haishindwi kitu, ngoja nitafute njia ya bei chee.

Hapo nikazama usiku kucha. Kuna zile saiti za kutuma meseji bure, nyingi ukifungua kwenye orodha ya nchi Tanzania haipo, wanaruka kutoka Taiwani hadi Thailand utadhani sisi ni shimo kwenye ramani. Moja ilikubali, nikajitumia ya majaribio, ikaingia kwa namba ndefu yenye code ya nchi siijui. Sasa fikiria wewe ni mzee uko Kibaigwa unapima mahindi, inaingia meseji toka namba ya ng'ambo inakwambia ulipe hela. Miaka yote hii tumeambiwa zile za "ile hela tuma kwenye namba hii" ni za matapeli, nani atalipa? Shemeji yangu mmoja anayeishi Marekani akaniambia kule zamani ulikuwa unatuma imeili tu inaingia kwenye simu ya mtu kama meseji, bure. Nikamwambia nipe mbinu. Akasema AT&T wale wa kampuni ya simu ya kule wenyewe wameifunga 2025. Sasa unanisimulia ya nini shem.

Mwisho nikapata kampuni moja, siitaji jina, inauza meseji shilingi ishirini ishirini. Elfu kumi unapata mia tano, watu mia nne na ishirini, chenji inabaki, nikajiona waziri wa fedha. Tena unaruhusiwa kuweka jina badala ya namba, yaani meseji inaingia juu imeandikwa jina lako kama zinavyoingia za benki. Jina unaliombea, unajaza fomu, unasubiri wakubali. Nikaandika HARUSI YA MAVIKA. Mfumo ukanionya, mwisho herufi kumi na moja, na nafasi zinahesabiwa, zikizidi kisanduku kinakata. Kama ningeacha kile kisanduku kikate chenyewe ingetoka HARUSI YA M na leo tungekuwa tunacheka mengine. Lakini mi ni mjanja. Nikaona hii YA inakula nafasi bure, haina kazi, nikaifuta. Nikaandika kwa simu, kisanduku kidogo, kioo chenyewe kina nyufa upande wa kulia kwa sababu ya mtoto wa dada, nikaona HARUSI MA na vinukta, nikasema imekaa, nikatuma.

Msianze kuhesabu. Najua mmeanza kuhesabu.

Siku mbili tatu nikaletewa taarifa jina lako limekubaliwa. Hapa naomba niulize, kuna binadamu alikaa ofisini, ana chai yake, akaliona lile jina, akasema hili liko sawa lipite. Wewe ndugu ulipo, una harusi za namna gani kwenu?

Jumapili tukakaa kikao, pale gadeni ya Area D chini ya ule mwarobaini, upepo wa mwezi wa saba unavuma vumbi linaingia mpaka kwenye supu. Kikao kizito. Baba yake Yona, Mzee Mavika mwenyewe, kaja na koti lake. Mshenga yupo. Mchungaji yupo. Wajomba watatu kutoka Mpwapwa wamekaa mstari mmoja na fimbo zao. Shangazi mkubwa ambaye akikohoa watu wananyamaza. Mweka hazina Mama Grace akasoma hesabu, ahadi milioni kumi na nane, zilizoingia milioni nne na ushee. Kimya. Mwenyekiti akasema katibu unasemaje. Na mi, kwa mdomo huu huu, nikasimama, nikafungua laptop, nikasema wazee wangu tusihangaike, tupo dunia ya kidijitali, nabofya kitufe kimoja hapa, kila mwenye ahadi anakumbushwa sekunde hii hii, na nyie humu mtaipata muone mfano. Wakapiga makofi. Mjomba mmoja akasema huyu kijana kasoma.

Nikabofya.

Ule mstari wa kijani ukaanza kutembea, ukatembea vizuri, ukafika sehemu ukasimama. Salio lako halitoshi. Nikasema haiwezekani, nina mia tano. Nikaangalia, zimetumwa kwa watu mia moja sitini na sita tu. Kumbe kila mtu kakatwa meseji tatu! Ile meseji yangu ilikuwa na herufi mia moja arobaini na nane, nimezihesabu kwa kidole, na meseji moja inabeba mia moja na sitini. Baadaye ndo nikaja kuelewa shida ni ukumbi. Ukumbi uko Chang'ombe. Niliiandika kwenye Word, na Word ile koma ya juu ya Chang'ombe inaikunja kimaringo, na ikishakunjwa simu inaihesabu kama emoji, mzigo wa meseji nzima unashuka toka mia moja sitini hadi sabini, na ikiwa ndefu inakatwa vipande vya sitini na saba sitini na saba. Kakoma kamoja tu. Hiyo mia moja na sitini aliipanga Mjerumani mmoja Friedhelm Hillebrand mwaka 1985, inasemekana alikaa na taipureta yake akapiga sentensi za kawaida akahesabu akaona zinatosha. Hakuwahi kualikwa ukumbi wa Chang'ombe huyu.

Sasa mi niko pale nimeinamia laptop nahangaika na salio, ndo nikasikia ya kwanza. Ti-ti. Kwenye mfuko wa koti la Mzee Mavika. Halafu ya mshenga ikatetemeka mezani ikasogea mpaka kwenye sahani. Halafu za wajomba, zote tatu, mlio ule ule. Ya shangazi ilikuwa kwenye kitenge kiunoni, akaanza kujifungua taratibu. Gadeni nzima ti-ti, ti-ti, watu wanatabasamu, wananiangalia mi, mi nawapungia mkono. Jamani niliwapungia mkono.

Mama Grace ndo aliwahi kufungua. Nikamwona anatabasamu, afu tabasamu likabaki pale pale lakini macho yakaondoka. Akaangalia simu, akaniangalia mi, akaangalia simu. Akaipindua kifudifudi mezani. Yona bwana harusi naye akafungua, akafunga macho.

Mzee Mavika akatoa miwani kwenye kiboksi. Akaifuta na ncha ya shati. Akaivaa. Akaishika simu mbali, mkono umenyooka kabisa, afu akairudisha karibu kidogo, afu mbali tena. Yeye ni mtu wa kusoma kwa sauti, magazeti anasoma kwa sauti, risiti anasoma kwa sauti, na huwa anaanzia juu kabisa, haruki kitu. Yona akasema, "Baba acha, tutasoma nyumbani." Mzee akanyoosha kidole juu, maana yake subiri.

"Ha-ru-si," akasoma.

Nikasema moyoni ndiyo mzee wangu, harusi, ishia hapo.

"Ma..." akasogeza simu. "Mavi."

Upepo nao ukachagua kutulia.

"Harusi mavi," akarudia, sasa haraka, kama mtu anayeunganisha. Akaigeuza simu nyuma akaangalia kama kuna herufi zimedondokea huko. Hakuna. Akavua miwani. "Katibu. Mbona jina langu halijaisha?"

Mchungaji alikuwa anakunywa soda. Sitasema ilipotokea ile soda.

Yule mjomba aliyesema nimesoma akauliza, "Hii imeenda kwa nani na nani?" Na hapo ndo miguu ilipoisha nguvu, kwa sababu daftari langu mi nililipanga kwa heshima. Wazee wa ukoo kwanza, wachungaji na wazee wa kanisa, wakwe, wajomba, mashangazi, waajiri wa Yona, majirani, halafu chini kabisa ndo washkaji na vijana. Mia moja sitini na sita wa kwanza ndo hao hao wenye heshima zao. Side na wenzake ambao wangecheka wakanywa bia yakaisha, hao hawakupata hata moja! Wanasambaza picha walizotumiwa na baba zao.

Na jina likiwa la maneno huwezi kulijibu, meseji hairudi. Kwa hiyo watu hawakujibu, walipiga. Namba niliweka mwisho wa ile meseji, piga katibu kwa maelezo. Wakapiga kwa maelezo. Baba mkwe mtarajiwa alipiga akiwa Kondoa, hakusalimia, alisema tu, "Kijana, mahari tuliyopokea ni ng'ombe, sasa hiki ni nini?" Bibi mmoja wa Bahi yeye alipiga kunipa pole, alidhani bwana harusi anaumwa tumbo.

Yaliyofuata sina nguvu ya kuyaeleza. Nilipiga magoti, nilizunguka nyumba kwa nyumba na mwenyekiti, wazee wakakaa wakanitoza faini ya mbuzi, mbuzi nikamnunua mnada wa Msalato kwa bei ambayo ningewatumia meseji Wagogo wote waliopo duniani, akaliwa, mi nikapewa utumbo. Ukatibu ninao bado, maana laptop hakuna mwingine mwenye nayo.

Kilichobaki ni lile jina. Nikituma tena ukumbusho litatoka lile lile, kwa hiyo juzi nikapiga huduma kwa wateja walibadilishe. Nikiwa ndani ya daladala ya Nkuhungu, imejaa, nimebanwa katikati ya mama mwenye ndoo ya zabibu na jamaa wa usalama. Simu ikapokelewa na dada mmoja mpole sana.

"Karibu kaka, naomba jina la utambulisho lililosajiliwa."

Nikamwambia dada yangu angalia hapo kwa namba yangu utaliona. Akasema mfumo unamtaka mteja alitaje mwenyewe. Nikaziba mdomo kwa kiganja nikanong'ona.

"Sikusikii kaka. Harusi nini?"

Nikasema tena.

"Kaka mtandao unakatakata, nitajie herufi moja moja tafadhali."

Mama wa zabibu kashaacha kuongea na mwenzake. Nikafumba macho nikaanza, M ya mama, A ya Asha, V ya viazi, I ya Iringa. Dada akasema ahsante, akayaunganisha yote vizuri kwa sauti ya spika, maana kioo kile chenye nyufa huwa kinajibonyeza spika chenyewe. Daladala nzima ikasikia. Konda akanigeukia, akanirudishia chenji yangu kwa kuishika pembeni kabisa, kwa ncha za kucha.